Mashine Kuukuu, Kompaila Mpya: Mwongozo Kamili wa Kutunza Zana za Kujenga Programu

Programu imejengeka vizuri kwenye kompyuta yako na majaribio yote yamepita. Unaipeleka kwenye seva ya zamani, unaiwasha, nayo inakujibu mstari mmoja tu:

```
/lib64/libc.so.6: version `GLIBC_2.34' not found
```

Anayekutana na mstari huu mara ya kwanza hukimbilia kupandisha toleo la glibc, maktaba ya msingi ya C ambayo programu za Linux huitegemea, kwenye ile seva. Usithubutu. Karibu kila kitu kwenye mashine ile, pamoja na `ls` na `bash`, kinaegemea faili hiyo moja; ukiivuruga, hata amri ya kurekebisha ulichoharibu haitawaka. Seva haina kosa. Kosa liko mahali ulipojengea.

Mwongozo huu ni wa yule aliyekabidhiwa mradi wenye umri: Makefile (faili ya maagizo ya ujenzi inayosomwa na `make`) iliandikwa na mtu aliyeondoka zamani, maelezo hakuna, na baadhi ya watumiaji bado wako kwenye mifumo ambayo walioitengeneza wameshaiacha. Mifano yangu mingi ni ya C na Linux kwa sababu huko ndiko ninakoshinda. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Miradi mingi niliyoiona ikiharibika iliharibiwa na mafundi hodari walioanzia katikati.

## Hatua ya 1: Jenga kilekile kilichopo

Lengo la kwanza ni dogo: kutoka kwenye msimbo uleule wa toleo lililoko kwa watumiaji leo, toa programu inayofanana na ile waliyo nayo. Ukiona maonyo ya kompaila, yaache. Ukiona Makefile inatia aibu, iache vilevile. Kama huwezi kujenga toleo la jana, hitilafu ya kesho hutajua imeletwa na mkono wako au ilikuwepo siku zote.

Tatizo la kawaida ni kwamba hakuna anayekumbuka toleo la jana lilijengwa na nini. Iulize programu yenyewe:

```
readelf -p .comment ./programu
```

Mara nyingi utapata kitu kama `GCC: (GNU) 4.8.5 20150623 (Red Hat 4.8.5-44)`. Mstari huo mmoja unakuambia kompaila, na kwa mwenye uzoefu unataja hata mfumo: 4.8.5 ya Red Hat ndiyo kompaila ya CentOS 7, yenye glibc 2.17. Ikiwa sehemu hiyo iliondolewa wakati wa kufungasha, angalia matoleo ya alama (majina ya fanksheni za maktaba) ambazo programu inazidai:

```
objdump -T ./programu | grep -o 'GLIBC_[0-9.]*' | sort -Vu | tail -1
```

Jibu ni toleo la juu kabisa la glibc ambalo programu haiwezi kuishi bila hilo. Iandike amri hii mahali, tutairudia.

Ukishajua mazingira, yahifadhi. CentOS 7 iliachwa rasmi tarehe 30 Juni 2024, na vifurushi vyake vikahamishiwa vault.centos.org, na skripti zilizotegemea anwani za zamani zilikatika bila mtu kugusa herufi moja ya msimbo. Debian nao huweka matoleo yaliyostaafu kwenye archive.debian.org, na snapshot.debian.org inakupa vifurushi kama vilivyokuwa tarehe fulani. Hizi ni huduma nzuri, lakini usizifanye nguzo ya nyumba yako. Pakua kila kifurushi unachohitaji, kiandikie `sha256sum` (namba ya kukitambulisha), kiweke kwenye diski unayoimiliki. Kama unatumia kontena (mazingira yaliyofungiwa ndani ya taswira moja, kama ya Docker), `docker save` inakupa taswira nzima kama faili moja unayoweza kuihifadhi kama faili nyingine yoyote.

Halafu jenga mara mbili, kwenye saraka mbili tofauti, na ulinganishe matokeo kwa `cmp`. Yakitofautiana, mshukiwa wa kwanza ni `__DATE__` na `__TIME__` ndani ya msimbo, wa pili ni njia kamili ya saraka iliyoingia kwenye taarifa za utatuzi. Kigeu `SOURCE_DATE_EPOCH` kinaiamuru GCC 7 na kuendelea kutumia tarehe uliyoipanga badala ya ya sasa, na `-ffile-prefix-map`, kuanzia GCC 8, inashughulikia njia za saraka. Si lazima ufikie usawa wa kila baiti siku ya kwanza. Ila kila tofauti uwe unajua imetoka wapi.

## Hatua ya 2: Angalia saa kabla ya kulaumu Makefile

Hii ingekuwa aya moja kama isingenipotezea siku nzima. Nilikuwa na mashine ya zamani ambayo kila nikiandika `make` ilijenga mradi wote upya, faili zaidi ya mia tatu, hata kama sijabadilisha kitu. Nilisoma Makefile mstari kwa mstari. Nikawasha `make -d` na kupekua maelfu ya mistari. Jibu lilikuwa limeandikwa mwishoni mwa kila ujenzi, na mimi nikalipita kama kawaida ya maonyo:

```
make: warning:  Clock skew detected.  Your build may be incomplete.
```

Betri ya CR2032 kwenye ubao mama ilikuwa imekufa. Kila mashine ikizimwa, saa ilirudi mwaka 2001. Make, tangu Stuart Feldman alipoiandika Bell Labs mwaka 1976, haina kumbukumbu: inalinganisha muda wa faili mbili, basi. Faili za msimbo zilikuja kwenye kifurushi zikiwa na tarehe ya mwaka huu, faili za `.o` zilizaliwa "mwaka 2001", kwa hiyo kila `.o` ilionekana kuukuu hata kabla haijapoa. Saa hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikifanya upakuaji wa HTTPS ukatae, maana kila cheti kilionekana hakijaanza kutumika, na mimi nilikuwa nimeshaanza kulaumu toleo la OpenSSL.

Tangu siku hiyo, amri yangu ya kwanza kwenye mashine yoyote yenye umri ni `date`.

Muda wa faili una mtego mwingine unaofanana. Git haihifadhi muda. Ukinakili mradi, faili zote hupata saa ya kunakiliwa, kwa mpangilio wowote. Mradi wa Autotools (zana zinazozalisha `configure`, skripti inayopima mfumo kabla ya kujenga) uliohifadhi `configure` ndani ya Git unaweza kujikuta `configure.ac` imeipita `aclocal.m4` kwa sehemu ya sekunde. Make inaamua kuizalisha upya, inaita `aclocal-1.15`, na kwenye mashine ile hakuna toleo hilo. Dawa ya haraka:

```
touch aclocal.m4
sleep 1
touch configure config.h.in
find . -name Makefile.in -exec touch {} +
```

`sleep 1` ipo kwa sababu mifumo ya zamani ya faili hupima muda kwa sekunde nzima.

Dawa ya kudumu ni kutoendesha kabisa `autoreconf`, amri inayozalisha `configure` upya, kwenye mashine kuukuu. Iendeshe kwenye mashine mpya, fungasha kifurushi cha tar chenye `configure` tayari, kisha kipeleke. Ndivyo Autoconf ilivyokusudiwa tangu mwanzo: anayejenga anahitaji shell, make na kompaila tu. Lakini utaratibu huo una bei yake. Machi 2024 iligundulika kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana faili, yalikuwa na mlango wa siri, na kipande kilichouwasha, faili ya `build-to-host.m4`, kilikuwa ndani ya kifurushi cha toleo lakini hakikuwemo kwenye hazina ya Git. Mhandisi wa programu Andres Freund alikinasa baada ya kuona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Kwa hiyo ukifungasha, mpe mwingine nafasi ya kukizalisha kifurushi hicho kutoka kwenye tagi (alama ya toleo ndani ya Git) na kulinganisha. Na ukipokea cha mwenzio, linganisha.

## Hatua ya 3: Chora mstari

"Tunahudumia mifumo ya zamani" ni sentensi isiyo na maana mpaka uitie namba. Andika kwenye README: glibc ya chini kabisa, kerneli (kiini cha mfumo) ya chini kabisa, kompaila ya chini kabisa, prosesa zipi.

Sehemu ya uamuzi huu umeshafanyiwa na wengine. Kerneli ya Linux iliiacha prosesa ya 386 katika toleo 3.8, mwaka 2013. Go 1.20 ndiyo ya mwisho kukubali Windows 7. Rust kuanzia 1.78, mwaka 2024, inadai Windows 10 kwa malengo yake ya kawaida. GCC yenyewe, kuanzia 11, haijengeki bila kompaila inayojua C++11, kwa hiyo kutoka mashine yenye GCC ya kale sana utapanda ngazi: jenga 4.8 kwanza, kisha hiyo ikujengee mpya zaidi. Ukichagua lugha au zana, chungulia kwanza imeufunga mlango gani.

Mfumo usioujaribu kila toleo uondoe kwenye orodha. Ni heri mtumiaji ajue mapema.

## Hatua ya 4: Jenga kwenye ya zamani, ukimbie kwenye mpya

Sasa turudi kwenye ule mstari wa glibc. Glibc hubeba matoleo ya kila alama. Programu iliyojengwa na glibc 2.17 itakimbia kwenye 2.34, 2.39 na kuendelea, kwa sababu alama za zamani hazifutwi. Kinyume chake hakuna. Wengi hukwaa hasa kwenye 2.34, ya Agosti 2021, kwa sababu hapo maktaba ya nyuzi (threads), libpthread, iliingizwa ndani ya libc na alama nyingi zikapata namba mpya. Hata programu ndogo ya kusalimia ikijengwa hapo inadai 2.34.

Kwa hiyo jengea kwenye mfumo mkongwe kuliko yote uliyoiahidi. Hulazimiki kutumia kompaila yake chakavu: kwa CentOS 7 zilitolewa seti za devtoolset zinazokupa GCC mpya juu ya glibc ileile 2.17. Ndiyo mbinu ya wanaofungasha maktaba za Python kwa kiwango cha manylinux2014. Kontena hurahisisha kazi (`jenga-2.17` hapa ni jina la taswira uliyoiandaa mwenyewe):

```
docker run --rm -v "$PWD":/src -w /src jenga-2.17 make -j4
```

Halafu ile amri ya `objdump` ya hatua ya kwanza iwe sehemu ya majaribio: ikitoa namba kubwa kuliko uliyoahidi, ujenzi ufeli. Bila kizuizi hiki, siku moja mtu atajenga toleo kwenye kompyuta yake mwenyewe kwa sababu ana haraka, na mtumiaji ndiye atakayekuambia.

Kontena si mashine, lakini. Inaazima kerneli ya mwenyeji wake. Jaribu kuendesha kontena ya CentOS 6 kwenye kerneli ya kisasa na huenda `bash` ikafa papo hapo kwa namba 139, bila neno. Glibc yake, 2.12, bado inatumia njia ya zamani ya kuiuliza kerneli saa, iitwayo vsyscall, na mifumo mingi mipya imeizima. Kuongeza `vsyscall=emulate` kwenye vigezo vya kuwasha kerneli ya mwenyeji kunaifufua. Kama unachojaribu kinagusa kerneli kweli, tumia mashine pepe yenye kerneli ya enzi hizo.

Kuunganisha kila kitu ndani ya faili moja kwa `-static` kunavutia, na kwa programu ndogo iliyojengwa na musl, maktaba nyingine ya C, kunafaa sana. Kwa glibc kuwa mwangalifu: `getaddrinfo` (fanksheni ya kutafuta anwani za mtandao) na wenzake bado hutafuta maktaba nyingine wakati wa kukimbia, na hizo zinataka glibc ileile uliyojengea.

## Hatua ya 5: Pandisha kompaila, toleo moja kwa wakati

Hapa ndipo penye kazi. Kuruka kutoka GCC 4.8 hadi 15 kwa mkupuo mmoja kutakumwagia makosa mia kadhaa ambayo hayahusiani. Panda ngazi kwa ngazi. Kila ngazi ina tabia yake.

GCC 10, ya 2020, iliwasha `-fno-common`. Ukitangaza `int hesabu;` kwenye faili ya kichwa inayoingizwa sehemu mbili, linka (zana inayounganisha vipande vilivyojengwa) italalamika kwamba kuna ufafanuzi zaidi ya mmoja. Weka `extern` kwenye kichwa na ufafanuzi kwenye faili moja ya `.c`.

GCC 14, ya 2024, ndiyo iliyoamsha wengi. Kuita fanksheni ambayo haijatangazwa, zamani lilikuwa onyo. Sasa ni kosa. Kabla hujanung'unika, tazama kilichokuwa kikitokea:

```
char *p = tafuta_jina(k);   /* hakuna tangazo popote */
```

Kompaila ya zamani ilidhani `tafuta_jina` inarudisha `int`. Kwenye mashine ya biti 32, `int` na pointa vina upana sawa, mambo yakaenda. Kwenye biti 64 nusu ya juu ya pointa inakatwa. Wakati mwingine anwani ni ndogo na hakuna anayeona; wakati mwingine programu inaanguka mbali kabisa na mstari huo. Haya makosa yarekebishe, usiyanyamazishe kwa swichi.

Ila jambo la GCC 14 linaloniuma zaidi halitoi kosa lolote. Skripti za `configure` za zamani hupima uwezo wa mfumo kwa kujenga vijiprogramu vidogo, na vingi viliandikwa ovyo: `main()` bila aina, `exit(0)` bila kuingiza `stdlib.h`. Kompaila mpya inavikataa, na `configure` inahitimisha kwamba mfumo hauna uwezo huo. Ujenzi unaendelea, unamalizika, na programu yako imepoteza kimyakimya uwezo wa kuweka kufuli kwenye faili au kutumia kumbukumbu ya pamoja. Kinga ni kuhifadhi `config.h` ya kompaila ya zamani na kulinganisha:

```
diff config.h.gcc13 config.h.gcc14
```

Kila mstari uliogeuka kutoka `#define` kuwa `#undef` fuatilia chanzo chake ndani ya `config.log`.

GCC 15, ya 2025, imehamia C23 kama kawaida yake. `bool`, `true` na `false` sasa ni maneno ya lugha, kwa hiyo `typedef int bool;` ya mwaka 1998 inafeli; na mabano matupu, `int f()`, sasa yanamaanisha fanksheni isiyopokea kitu. Hapa sioni aibu kuandika `-std=gnu17` kwenye mradi wa zamani na kuendelea na maisha. Msimbo haujakosea, lugha imehama.

Upande wa CMake, zana nyingine ya kuongoza ujenzi, 4.0 iliondoa uelewano na miradi inayodai toleo la chini ya 3.5. Kwa maktaba ya mtu mwingine usiyoweza kuigusa, `-DCMAKE_POLICY_VERSION_MINIMUM=3.5` itakuvusha.

## Hatua ya 6: Shell na vidude vyake

Kwa ufupi. `/bin/sh` si bash. Kwenye Debian ni dash, kwenye Solaris 10 ni ya Bourne ya asili, isiyojua hata `$(...)`. `sed -i` ya GNU na ya BSD hazielewani. Tumia `printf` badala ya `echo -n`. macOS inakuja na GNU Make 3.81, ya mwaka 2006, kwa hiyo usitegemee vitu vya Make 4. Na `configure` ikisema haitambui aina ya mashine, mara nyingi inatosha kubadilisha faili mbili, `config.guess` na `config.sub`, kwa nakala mpya. Nakala za zamani hazijawahi kusikia `aarch64` wala `riscv64`.

Uwe na Make 4.4 au zaidi kwenye mashine yako mwenyewe, hata kama watumiaji hawana. Swichi yake `--shuffle` huchanganya mpangilio wa kazi, na tegemezi ulizosahau kuziandika zinajitokeza hapohapo badala ya kusubiri siku mtu atakapotumia `-j32` (kazi 32 kwa pamoja).

## Hatua ya 7: Jaribu kwenye prosesa isiyofanana na yako

QEMU, programu inayoiga prosesa nyingine, inakuwezesha kuendesha programu ya s390x (prosesa za mashine kubwa za IBM) kwenye kompyuta ya kawaida. Ninaichagua s390x kwa makusudi: inapanga baiti kinyume na x86, na bado usambazaji mkubwa wa Linux unaihudumia, kwa hiyo vifurushi ni rahisi kupata. Ukiwa umesoma faili kwa kumwaga baiti moja kwa moja ndani ya `struct`, itakuumbua dakika ya kwanza.

Kosa jingine ninalolikuta kila mara:

```
char c;
while ((c = getchar()) != EOF)
```

Kwenye x86, `char` ina alama ya hasi na kitanzi kinafika mwisho. Kwenye Linux ya ARM au PowerPC haina. `EOF` (alama ya mwisho wa faili) ni -1, `c` haiwezi kuwa -1 kamwe, na programu inazunguka milele. Andika `int c`. Neno moja.

Na kama bado unahudumia biti 32, kumbuka 19 Januari 2038, saa 03:14:07 UTC, `time_t` (aina inayohifadhi muda) ya biti 32 inajaa. Glibc 2.34 na kuendelea hukubali `-D_TIME_BITS=64`, mradi iambatane na `-D_FILE_OFFSET_BITS=64`. Iwashe kwenye maktaba na programu zote zinazopeana `time_t`, au usiiwashe kabisa. Nusu-nusu ni balaa, kwa sababu ukubwa wa `struct` unabadilika upande mmoja tu.

## Hatua ya 8: Kuacha mfumo

Itafika siku mfumo mmoja utagharimu kuliko yote iliyobaki. Tangaza kwenye toleo linalotangulia, si kwenye lile linalokata. Toleo la mwisho lenye uwezo huo lipe tagi na tawi lake, na uweke taswira ya kontena iliyolijenga karibu nalo, pamoja na majumlisho ya `sha256sum`. Kisha futa `#ifdef` zote za mfumo huo kwenye badiliko moja la Git lisilochanganywa na kazi nyingine. Mara mbili nimewahi kupokea barua ya mtu ambaye mashine yake bado inaendesha mtambo na hawezi kuihama mwaka huu. Mara zote mbili `git revert` moja kwenye tawi lake ilimtosha.